Askofu Chauncy Maples na Meli Iliyopewa Jina Lake



Nilipokuwa mwalimu katika chuo cha ualimu, kila mwaka nilichora Ziwa Nyasa ubaoni kwa chaki ya buluu, na karibu kila mwaka alikuwako mwanafunzi mmoja wa kutoka Liuli au Mbamba Bay aliyenyosha mkono na kuuliza kama najua habari za Chauncy. Maana yake ilikuwa meli ambayo babu yake aliipanda. Meli waliijua kwa hadithi za nyumbani, lakini kwamba jina hilo lilikuwa la mtu, wengi hawakujua. Basi mwezi huu nimeona nisimulie kwanza habari za mtu mwenyewe, kisha za chombo, maana hadithi hizi mbili hazitenganiki. Kama mtu huyu asingalikufa majini, meli ile pengine isingalijengwa, au ingalijengwa kwa jina jingine.

Chauncy Maples alizaliwa tarehe 17 Februari 1852 mahali paitwapo Bound's Green, karibu na London. Baba yake alikuwa mwanasheria, na nyumba yao haikuwa ya shida. Alisoma katika shule ya Charterhouse, kisha akaingia University College katika Chuo Kikuu cha Oxford. Humo alikuwamo kijana mwingine, William Percival Johnson, ambaye alikuwa akitazamia kwenda India kuwa mtumishi wa serikali. Wakati ule Askofu Edward Steere wa Zanzibar alifika Oxford kutafuta watu. Steere ndiye yule aliyejenga kanisa la Mkunazini mahali palipokuwa soko la watumwa, na ndiye aliyeandika sarufi ya Kiswahili ambayo walimu wa lugha wa zamani walikuwa nayo mezani. Vijana wale wawili walimsikia, na wote wawili wakaacha walichokuwa wakikitazamia. Mwaka 1876 walifika Zanzibar.

Inafaa kukumbuka kwamba Zanzibar haikuwa shabaha ya kwanza ya Misheni ya Vyuo Vikuu. Baada ya Dakta Livingstone kuwaita watu wa vyuo mwaka 1857, misheni ilianza kwa Askofu Mackenzie huko Magomero, katika nchi ya mto Shire, mwaka 1861. Askofu yule akafa kwa homa Januari 1862, wenzake kadhaa wakafa vilevile, na waliobaki wakarudi nyuma mpaka Zanzibar. Kwa hiyo kwa miaka zaidi ya kumi watu wa Zanzibar walikuwa wakilitazama ziwa kwa mbali kama mtu aliyeahidi mahari na bado hajaipeleka. Steere alitaka ahadi ile itimizwe, na njia aliyoiona ilikuwa ya kupitia Lindi.

Mwishoni mwa mwaka 1876 Steere na Johnson walitoka Lindi pamoja na kundi la watu waliokombolewa utumwani, ambao asili yao ilikuwa nchi za bara kuelekea ziwani. Walipofika Masasi, chini ya vile vilima vya mawe, watu wakaona udongo ni mzuri na maji yapo, wakaomba wakae palepale. Hivyo ndivyo Masasi ya Kikristo ilivyoanza. Steere aliugua akarudi pwani, Johnson akabaki, na mwaka 1877 Maples akafika kuishika kazi ile. Alikuwa na miaka ishirini na mitano.

Katika Masasi tunamwona mtu alivyo. Kwanza, alikuwa mwanafunzi wa lugha asiyechoka. Mwaka 1879 ulitolewa mkusanyo wake wa maneno na sarufi ya Kimakua, na mwaka 1888 msamiati wake wa Kiyao. Alitembea sana kwa miguu katika nchi ya Ruvuma na katika nchi ya Wamakua, akaandika habari zake kwa Chama cha Jiografia cha London, na wakati wake ramani za huko zilikuwa na nafasi nyeupe nyingi. Mimi niliyefundisha jiografia kwa miaka mingi nampenda kwa hilo.

Pili, alijikuta hakimu bila kutaka. Kijiji cha watu waliokombolewa hakikuwa na jumbe wa ukoo, wala wazee waliorithi kiti. Mtu akiiba, mtu akipigana, mtu akimchukua mke wa mwenzake, wote walimtazama padre. Yeye aliyekuja kuhubiri akawa mwenye kuamua mashauri na kutoa adhabu. Jambo hili lilimsumbua, na sidhani limewahi kumalizika kumsumbua mtu yeyote aliyewekwa kuwa mkubwa wa watu walio maskini kuliko yeye. Baadaye, alipopata nafasi ya kuanza upya kwingineko, hakujenga mji wa namna ile, bali alikaa miongoni mwa wenyeji waliokuwa na wakubwa wao wenyewe.

Tatu, Masasi ilimpa msiba wake wa kwanza. Septemba 1882 Wangoni waliotoka upande wa Songea, ambao watu wa wakati ule waliwaita Wamagwangwara, waliishukia Masasi. Misheni haikupigana. Nyumba zilichomwa, watu wengine waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka, na baadhi yao tu wakakombolewa baadaye kwa vitambaa. Kazi ya miaka sita ikatawanyika kwa siku chache. Maples hakurudi Ulaya kwa kukata tamaa. Alihamia Newala juu ya uwanda wa Makonde, alipotawala Matola, mkuu wa Kiyao aliyekuwa rafiki wa misheni, akaanza tena.

Wakati huo Johnson, ambaye hakuwa mtu wa kukaa mahali pamoja, alikuwa amekwisha kulifikia ziwa kwa miguu. Mwaka 1882 alikwenda huko na padre Charles Janson, lakini Janson alikufa kando ya ziwa muda mfupi baada ya kuliona. Johnson akatambua kwamba pwani ndefu kama ile haiwezi kuhudumiwa kwa miguu peke yake. Ziwa Nyasa lina urefu wa kilomita karibu 580, milima inashuka mpaka majini, na vijiji vya siku zile vilikuwa vimejificha nyuma ya maboma kwa hofu ya uvamizi. Akaenda Uingereza kuomba fedha za stima ndogo. Wakati wa kurudi aliugua macho vibaya, jicho moja likafa kabisa, na lile la pili halikupona vizuri mpaka mwisho wa maisha yake. Hata hivyo stima ilifika kwa vipande, ikaundwa kando ya Shire ya juu, na mwaka 1885 ikashushwa majini kwa jina la Charles Janson. Makao yakawekwa katika kisiwa cha Likoma, karibu na ufuko wa mashariki, mahali ambapo jeshi la nchi kavu lisingeweza kufika.

Maples aliitwa Likoma mwaka 1886, akiwa Arkidiakoni wa Nyasa, akakaa miaka tisa. Kisiwa ni kidogo na kina mawe mengi. Alikuta watu wanashindanishwa kwa mwavi, na wale waliohukumiwa kuwa wachawi wakichomwa moto mahali palipoitwa Chipyela, yaani pa kuchomea. Alilipinga jambo hilo kwa maneno na kwa kukaa pale siku zote, mpaka desturi ikakoma. Wasomaji waliowahi kufika Likoma wanajua kwamba Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro, lile kubwa la mawe lililowekewa msingi mwaka 1903 na kuwekwa wakfu mwaka 1911, limejengwa papo hapo Chipyela. Maples hakuliona. Kanisa lake lilikuwa la miti na nyasi.

Shule alizianzisha kisiwani na pwani, na walimu wa kwanza walikuwa vijana waliofundishwa Kiungani, Zanzibar. Mmoja wao, Augustine Ambali, alikuwa amekombolewa utumwani, na baadaye akawa padre wa watu wa ziwa. Ninalisema hili kwa sababu katika vitabu vingi majina ya Wazungu yanaandikwa kwa herufi kubwa, na walimu waliobeba ubao kichwani kutoka kijiji mpaka kijiji wanapewa mstari mmoja, au hawapewi kabisa.

Mwaka 1895 Maples alichaguliwa kuwa Askofu. Aliwekwa wakfu katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, London, tarehe 29 Juni 1895, siku ya Watakatifu Petro na Paulo, naye akachukua jina la Askofu wa Likoma. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na miaka karibu ishirini ya hiyo alikuwa ameitumia huku kwetu. Hakukaa sana Uingereza baada ya ibada. Kazi ilikuwa inamngoja, akashika njia ya mto Zambezi na Shire kurudi.

Hapa nisimame kidogo kueleza njia yenyewe, maana itatusaidia baadaye. Shire una maji machache mahali pengi na mchanga unahamahama. Kwa hiyo vyombo vya mto ule vilikuwa vipana, vyenye chini bapa, na nyuma vilikuwa na gurudumu kubwa la mbao lililopiga maji na kukisukuma chombo mbele. Chombo cha namna hiyo kinaweza kupita mahali ambapo maji yanamfikia mtu kiunoni. Katikati ya mto kuna maporomoko marefu yasiyopitika kwa chombo chochote, hivyo abiria na mizigo hushuka, huzunguka kwa nchi kavu, na kupanda chombo kingine juu. Ziwani mambo ni mengine. Maji ni ya kina kikubwa, na upepo wa kusini-mashariki, ambao wenyeji wanauita mwera, huinua mawimbi kama ya bahari. Chombo cha ziwani kinahitaji kuwa na mkuku ulioshuka na rafadha iliyo chini ya maji, kwa kuwa gurudumu la nyuma lingevunjwa na mawimbi.

Askofu alifika mwisho wa kusini wa ziwa mwishoni mwa Agosti. Badala ya kungoja, aliingia katika mashua ya tanga pamoja na Bwana Joseph Williams, mlei wa misheni, na mabaharia Waafrika, wakaelekea kaskazini. Usiku wa tarehe 2 Septemba 1895, karibu na rasi ya Rifu upande wa Salima, upepo ulichafuka, mawimbi yakaijaza mashua, ikazama. Askofu alikuwa amevaa kanzu yake ndefu, na nguo iliyolowa ilimvuta chini. Mabaharia walijaribu kumshika na kuogelea naye. Yeye akawaambia wamwache wajiokoe wenyewe, wasije wakafa wote kwa ajili yake. Mabaharia walifika ufukweni. Askofu na Bwana Williams hawakufika.

Mwili wake ulipatikana baadaye, ukazikwa kanisani Nkhotakota, mji ambao zamani ulikuwa bandari ya majahazi yaliyovusha watumwa kwenda ufuko wa mashariki, safari ya Kilwa. Alikuwa Askofu kwa siku sitini na tano, na katika siku hizo hakupata hata moja ya kukaa Likoma akiwa Askofu wao.

Nimefikiri sana juu ya safari ile ya usiku. Wapo wanaomsifu kwa kutokuogopa. Mimi naona ilikuwa haraka. Yeye mwenyewe aliyajua maji yale kwa miaka tisa, aliujua mwera, na hakuna aliyekuwa anakufa Likoma kwa kukosa Askofu usiku mmoja. Lakini tena, namna alivyowaachilia wale mabaharia haikuwa haraka hata kidogo. Mtu anayezama hushika chochote kilicho karibu, na kila aliyekulia kando ya maji anajua hivyo. Yeye aliwaachia mikono. Mambo haya mawili yalikuwa ndani ya mtu mmoja katika usiku mmoja, nami sioni sababu ya kuficha la kwanza ili la pili lipendeze.

Mwaka ule ulikuwa mzito kwa misheni. Mwishoni mwa Agosti padre George Atlay alikuwa ameuawa na Wangoni bara ya mashariki, na Oktoba padre Arthur Sim akafa Nkhotakota kwa homa. Wangeweza kufunga kazi, kama ilivyofungwa Magomero. Badala yake walileta Askofu mwingine, John Hine, naye alikuwa daktari. Dada yake Maples akakusanya barua za kaka yake na kuzitoa kitabu mwaka 1897, na watu wengi wa Uingereza wakamjua kwa kitabu hicho.

Sasa ndipo inapoingia meli. Johnson kwa muda mrefu alitaka chombo kikubwa kuliko Charles Janson, chombo ambacho kingekuwa kanisa, hospitali, na zaidi ya yote shule ya walimu, ili wanafunzi wasome huku wakipelekwa kijiji hata kijiji na kufundisha papo hapo yale waliyojifunza asubuhi. Nakiri kwamba niliposoma habari hii mara ya kwanza nilicheka peke yangu kwa furaha. Sisi tulihangaika kupata lori la kuwapeleka wanafunzi wetu kwenye mazoezi ya kufundisha, kumbe wenzetu walifikiria chuo kizima kielee.

Fedha zilichangwa kwa kumbukumbu ya Askofu aliyezama, zikafika pauni 13,500. Ramani ya meli ilichorwa na Henry Brunel, mwana wa yule mhandisi mashuhuri Isambard Kingdom Brunel. Ilijengwa mwaka 1899 Glasgow, katika karakana ya Alley na McLellan, ikiwa na urefu wa futi 127 na upana wa futi 20, na ilikuwa na rafadha, si gurudumu, kwa sababu niliyokwisha kuitaja. Ilipokwisha kuunganishwa ilifunguliwa tena, ikafungwa vifurushi 3,481, ikapakiwa kuvuka bahari. Vyombo vya mto vilibeba vifurushi mpaka chini ya maporomoko. Kutoka hapo, kilichowezekana kubebwa kichwani kilibebwa kichwani.

Boila haikuwezekana. Ilikuwa na uzito wa tani kumi na moja, nayo haikufunguliwa vipande. Iliwekwa juu ya magurudumu, na Wangoni 450 wakaivuta kwa kamba maili 64, wakipita milima na makorongo na kukata njia mahali pasipokuwa na njia. Hao hawakuwa Wangoni wa Songea walioivunja Masasi, bali ndugu zao wa asili waliokaa upande wa Shire. Lakini kwa mtu aliyesoma habari za mwaka 1882 si rahisi kupita hapa bila kutulia. Jina lililowekwa kwenye ubavu wa meli lilikuwa la mtu aliyefukuzwa Masasi na watu wa kabila hilohilo.

Vipande viliunganishwa Malindi, karibu na mahali ziwa linapotoka kuwa mto Shire. Nisieleweke vibaya, si Malindi ya Kenya. Tarehe 6 Juni 1901 meli ilishushwa majini ikaitwa Chauncy Maples. Tangu hapo ikawa ndiyo barabara ya dayosisi. Johnson aliishi humo kwa miaka mingi. Aliteremka kijiji kimoja, akatembea kwa miguu siku kadhaa kandokando ya ziwa akifundisha, akala alichopewa na kulala alipowekwa, kisha meli ikamchukua mbele.

Vita vya 1914 vilipofika, Waingereza na Wajerumani walikuwa wakitazamana ng'ambo na ng'ambo. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Kiingereza Guendolen ilikwenda Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen, ikaikuta meli yao Hermann von Wissmann imevutwa nchi kavu kwa matengenezo, ikaipiga ikaiharibu. Nahodha wa Kijerumani alikuwa rafiki wa nahodha wa Kiingereza na alikuwa hajapata hata habari kwamba kuna vita. Chauncy Maples nayo ilichukuliwa na serikali, ikabeba askari badala ya wanafunzi, mpaka vita vilipokwisha ikarudi kwenye kazi yake.

Johnson alikufa Liuli Oktoba 1928, mwenye miaka sabini na minne, akazikwa hukohuko. Alikuwa amemzidi rafiki yake wa Oxford kwa miaka thelathini na mitatu, na miaka mingi ya hiyo aliitumia ndani ya chombo chenye jina la rafiki huyo. Wazee wa pwani yetu ya Nyasa wamelihifadhi jina la Johnson kuliko la Maples, na ni haki, kwa sababu yeye ndiye waliyemwona.

Misheni iliendelea kuitumia meli mpaka mwaka 1953, ilipokuwa imechakaa na gharama zake zimezidi uwezo. Ikauzwa, ikavua samaki kwa muda. Mwaka 1965 serikali ya Malawi iliinunua, ikatoa injini ya mvuke na ile boila, ikatia injini ya mafuta, na mwaka 1967 ikairudisha majini kubeba abiria na mizigo. Ilifanya kazi hiyo mpaka mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mwaka 2009 watu wa Uingereza na Malawi walianzisha mpango wa kuitengeneza iwe zahanati ya majini kwa ajili ya vijiji visivyofikiwa na barabara, ikavutwa nchi kavu huko Monkey Bay na mafundi wakaanza kuifumua. Gharama ziliongezeka, kazi ikasimama. Mabati ya chini ya maji, yale yaliyobebwa kichwani kupita maporomoko ya Shire, mafundi waliyakuta mengi bado mazima.